Waende China na Japani, lakini wapitie KMTC kwanza

Na Mwende Nzioka

Kaunti ya Machakos ndiyo iliyomlea Patrick Makau wa Tala, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Ni huku pia alikotoka Cosmas Ndeti, mshindi wa Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Makau alistaafu 2018, goti likiwa limemshinda. Wakimbiaji wa Ukambani hawakosi pumzi. Wanachokosa ni mtu wa kuushika msuli mapema, kabla haujachanika.

Ndiyo maana nafurahi kusikia vijana wetu wakiulizia masomo ya tiba za jadi za Asia: sindano (akupancha) na ukandaji wa tuina wa China, shiatsu ya Japani, Ayurveda ya India. Si ndoto za bure. Serikali ya China hufadhili wanafunzi wa kigeni, na India ina ufadhili mahususi wa Ayurveda na yoga. Njia ya Japani ilifunguliwa zamani: Douglas Wakiihuri alihamia huko 1983, akanolewa na kocha Kiyoshi Nakamura, na kufikia 1987 alikuwa bingwa wa dunia. Yeye alikwenda kukimbia. Sasa twende kujifunza kuwatibu wanaokimbia.

Ila nawasihi wazazi wasimpeleke mtoto moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Shahada ya tiba ya Kichina ni miaka mitano, na anayesoma kwa Kichina huanza na mwaka wa lugha. Japani, shule ya sindano au ya shiatsu huchukua angalau miaka mitatu, kisha kuna mtihani wa taifa, kwa Kijapani. Akirudi, atasajiliwa na nani? Sheria ya Afya ya 2017 inazitambua tiba za jadi na mbadala, lakini chombo cha kuzisimamia iliachia sheria nyingine ya Bunge. Tibaviungo (fiziotherapia), kinyume chake, ina baraza lake tangu sheria ya 2014. Aliyemaliza diploma ya tibaviungo ya miaka mitatu ya Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) na kusajiliwa ana leseni tayari; sindano kwake ni nyongeza. Asiye nayo huenda akaishia kufungua chumba cha masaji Mlolongo, na miaka sita imekwenda.

Kuna sababu nzito kuliko leseni. Wajerumani waliwapima watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo, matokeo yakatoka 2007. Waliopata nafuu kwa sindano za kanuni ya Kichina walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa kijuujuu, mahali pasipo na kanuni yoyote, walikuwa 44.2. Tiba ya kawaida iliambulia 27.4. Mimi naisoma hivi: nafuu ipo, tena kubwa, ila haitegemei sana ile ramani ya sehemu za kuchoma sindano mwilini inayokaririwa darasani. Anayejua mfupa na kano atalihoji hilo. Aliyefunzwa ramani peke yake ataiamini tu.

Dawa za mitishamba ndizo zinazonitia hofu hasa. Mmea wa ma huang una efedrini, ambayo Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA) limeipiga marufuku wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 10 kwa mililita ya mkojo. Kiini cha mbegu ya lotus, ambacho Wachina hukinywa kama chai, kina higenamini, na hiyo ni marufuku siku zote. Kikombe kimoja kwa nia njema, na mwanariadha ndiye anayefungiwa. Nchi iliyokwisha kupoteza wakimbiaji wengi hivi kwa dawa haiwezi kumruhusu tabibu asiyeijua orodha hiyo kumkaribia mwanariadha.

Kaunti inaweza kuanza kidogo. Itenge nafasi mbili au tatu kwa mwaka kwa wataalamu wa tibaviungo walio kazini tayari katika Hospitali ya Machakos Level 5, wasaini mkataba wa kurudi, na wakirudi wapangiwe zamu Uwanja wa Kenyatta siku za mazoezi, ambapo mtoto wa shule mwenye kano inayouma atatibiwa bila kulipa.