Kabla hujasema mzee amelewa

Kuna klipu inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp hapa Mikinduri. Mzee anatoka sokoni, hatua fupi fupi, nyayo zinaburuta, halafu akifika mlango wa duka anaganda kama amepigiliwa misumari. Watu wanacheka tu. "Mzee amechapa." Mwingine ati ni miraa imemlemea.

Nimeiangalia mara tano na sijaona mlevi. Mlevi huyumba, miguu imetanuka, mikono inatafuta pa kushika. Huyu hakuyumba. Mkono wake wa kulia haukupunga hata kidogo, umekunjwa tu karibu na tumbo. Mgongo umeinama. Kugeuka kulimchukua hatua sita ama saba. Mimi si daktari, lakini kuburuta na kuinama kwa aina hii James Parkinson alikueleza huko London mwaka wa 1817. Sisi bado tunaita pombe.

Na si Parkinson pekee. Mtu akizungusha mguu mmoja kwa nje kama anafyeka nyasi, fikiria kiharusi. Akiinua goti juu sana ndio vidole visikwaruze chini, huenda neva za mguu zimeumia, na sukari ni mojawapo ya vitu vinavyoziharibu. Hata ule mwendo wa kuyumba unaweza kutoka sehemu ya nyuma ya ubongo bila tone la pombe. Kama umeanza ghafla, leo, usingoje kesho. Hospitali saa hiyo hiyo.

Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, eneo la watu zaidi ya 160,000, wakachapisha matokeo 2008. Walipata 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Kijijini walikuwa wazee tu. Dawa ya levodopa haiponyi, sawa, lakini inaweza kumrudishia mtu mwendo kwa miaka.

Shida ni kwamba mbele ya daktari mgonjwa hujikaza, na kule kuganda mara nyingi hakuonekani. Ndio maana video ya simu ina maana: akienda, akigeuka, akipita mlangoni. Kwa ruhusa yake, lakini.

Wewe uliyerekodi ile klipu, itoe kwa grupu leo. Kwa simu yako usiifute. Wapelekee watoto wa yule mzee, waende nayo hospitali.