Urithi Usiokuja kwa Damu

Aghalabu wazazi waliokaa ughaibuni huwarejesha watoto katika nchi ya mababu wakiamini kwamba damu itafanya kazi yake yenyewe. Na riwaya iliyoipinga dhana hiyo kwa ustadi ni Akata Witch, aliyoitoa mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mzaliwa wa Marekani ambaye wazazi wake Waigbo walikwenda huko kusoma, vita vya Nigeria vikawafungia njia ya kurejea.

Shujaa wake, Sunny, msichana wa miaka 12, amezaliwa New York na kuletwa Aba, Nigeria, angali mdogo. Ni Mwigbo kwa baba na mama, ilhali darasani ni mgeni. Tena ni albino, asiyeweza kucheza kandanda mchana kwa ajili ya jua. Mwanzoni tu mwa kitabu mwalimu, aliyeghadhibishwa na insha mbovu za darasa, anamkabidhi fimbo awachape wenziwe, naye akikataa, wenziwe hao hao humvamia baada ya masomo. (Aliyepata kuhamia shule katikati ya mwaka hahitaji kuelezwa zaidi.)

Baadaye anaingizwa katika jamii ya siri ya wachawi, watu wa Chui, na hapo ndipo mwandishi anapodhihirisha hekima yake: fedha yao, iitwayo chittim, hairithiwi, bali humwangukia mtu kutoka hewani kila ajifunzapo jambo, na ya shaba ndiyo yenye thamani kupita zote. Sunny husomea uenyeji wake, tena kwa kitabu cha mwongozo kinachowakejeli wageni kama yeye.

Wako watakaosema kwamba hadithi za uchawi hazifai kwa watoto. Mimi naona kwamba Tanzania, ambako wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, ina haja kubwa ya riwaya ambamo albino ndiye shujaa, na adui wake ni mteka watoto kwa makafara. Nayo yastahili kufasiriwa kwa Kiswahili.

Mfasiri atafutwe hata Muscat, Oman. Huko, baada ya Sultani Qaboos kuanza kutawala mwaka 1970, walihamia vijana wengi wa Unguja wenye nasaba za Kiomani zilizohifadhiwa vyema, lakini wenye Kiarabu haba, wakaitwa Wazanzibari katika nchi ya babu zao. Hao watamwelewa Sunny kabla ya kufika ukurasa wa kumi.