Ugonjwa ukifunga shule tena, wasichana wa bweni Tarime na Serengeti watarudi wapi?

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kuthibitishwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Wanafunzi wa bweni wakafunga matranka yao, wakapanda mabasi, wakarudi kwao.

Kwa sehemu kubwa ya nchi agizo lilieleweka kirahisi: mtoto atoke kwenye msongamano, akae nyumbani, awe salama. Lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, "nyumbani" si neno jepesi kwa kila mtoto. Wapo wasichana ambao bweni ndilo kimbilio lao, na nyumbani ndiko anakosubiri ngariba.

Ndiyo maana usalama wa shule za bweni huko una pande mbili. Wa kwanza ni kuzuia ugonjwa usiingie bwenini. Wa pili ni kujua mapema nani asirudishwe kwao hata shule ikifungwa. Upande wa kwanza unazungumzwa sana. Wa pili husahaulika.

Likizo ndiyo msimu

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kwa Mara ni asilimia 28. Idadi imeshuka kidogo ukilinganisha na asilimia 32 ya mwaka 2015/16, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne.

Sheria ipo. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, kwa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, kila Novemba na Desemba, shule zinapofungwa, msimu huanza. Polisi na maofisa ustawi wa jamii huwa kazini, na wasichana hukimbilia Kituo cha Masanga wilayani Tarime au Nyumba Salama ya Mugumu wilayani Serengeti.

Yaani kalenda ya shule na kalenda ya kisu zinakwenda pamoja. Ukigusa moja, umegusa nyingine.

Kilichotokea ng'ambo ya Sirari

Mwaka 2020 shule za Tanzania zilikaa kimya zaidi ya miezi mitatu. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Hiyo haina maana kwamba hakuna msichana aliyeumizwa kipindi hicho. Ila shule zilifunguliwa kabla msimu haujafika.

Kenya haikuwa hivyo. Madarasa machache yalirudi Oktoba 12, 2020, na wanafunzi wengi walisubiri hadi Januari 4, 2021. Katika eneo la Kuria, Kaunti ya Migori, kilomita chache tu kutoka Sirari, ukeketaji ulianza kabla hata ya Desemba. Wasichana walitembezwa barabarani mchana kweupe kwa ngoma na zawadi, ilhali Kenya ina sheria inayopiga marufuku jambo hilo tangu 2011.

Wakurya wa pande zote mbili ni ndugu, na mpaka huvukwa kwenda kukeketa upande wenye ulinzi hafifu. Kwa hiyo yaliyotokea Kuria yanaihusu Tarime moja kwa moja: shule zikifungwa muda mrefu, msimu hausubiri Desemba.

Uganda inatoa fundisho jingine. Novemba 2022, wakati wa mlipuko wa Ebola, serikali ilifunga shule Novemba 25, wiki mbili kabla ya muda, baada ya watoto kuambukizwa na wengine kufariki. Kiafya uamuzi huo ulieleweka. Sasa fikiria agizo kama hilo litolewe Mara, Novemba hiyo hiyo. Wasichana wangefika nyumbani msimu ukiwa umeiva, kabla polisi, shule na nyumba salama hazijajipanga.

Ndani ya bweni

Upande wa ugonjwa nao si mdogo. Bweni ni mahali ambapo watoto wengi hupumua hewa moja kwa saa nane au zaidi kila usiku. Tarime ni nyanda za juu na usiku kuna baridi, hivyo madirisha hufungwa. Mmoja akikohoa, chumba kizima kinapata.

Mwaka 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), shilingi trilioni 1.3, kujenga madarasa 15,000 nchini. Msongamano wa mchana ulipungua. Wa usiku ni jambo jingine, kwa sababu darasa jipya haliongezi kitanda.

Bado yapo yanayowezekana bila fedha nyingi. Wanafunzi walale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake. Madirisha ya pande mbili yaachwe wazi kidogo, hata kama mtoto atahitaji blanketi la pili. Chumba kimoja kitengwe kwa wagonjwa, chenye choo chake au ndoo yake. Chakula kiliwe kwa zamu, au nje ya bwalo.

Kinga pia ifuate aina ya ugonjwa. Kwa corona, hewa ndiyo jambo kubwa. Kwa Mpox, iliyothibitishwa Tanzania Machi 2025, hatari ni kugusana ngozi na kuchangia mashuka, taulo na nguo, mambo ya kawaida kabisa bwenini. Kwa Marburg, iliyolipuka ng'ambo ya ziwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025, waliomgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Ikiwa ugonjwa huo umeshaingia shuleni, kuwatawanya watoto kwenye mabasi ni kuusafirisha.

Mpishi, mlinzi na matroni

Corona iliwaua zaidi watu wazima kuliko watoto. Oktoba 2020, shule mbili za sekondari mjini Mombasa, Star of the Sea na Tononoka, zilifungwa baada ya walimu kukutwa na virusi.

Kwenye shule ya bweni, mtu mzima anayekutana na wanafunzi wengi zaidi huenda asiwe mwalimu. Ni mpishi anayepakua chakula, matroni anayeingia bwenini usiku, na mlinzi anayekaa getini. Wengi wao hulipwa kwa michango ya wazazi, siku kwa siku au mwezi kwa mwezi. Mpishi anayejua kuwa akilala kwao hatalipwa, atakuja kazini na homa yake. Kumlipa siku tano za kuumwa ni nafuu kuliko kuuguza bweni zima.

Orodha isiyosomwa mstarini

Hapa ndipo pande mbili zinapokutana. Shule ikipata agizo la kufunga jioni, kesho yake watoto wako stendi. Hakuna muda wa kuuliza nani ana hofu. Kazi hiyo ifanyike mwanzoni mwa muhula.

Matroni na mwalimu wa malezi wanaweza kuzungumza na kila msichana faraghani na kuandika majina ya walio hatarini. Orodha ikae kwa mkuu wa shule, ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Isisomwe mstarini, wala isipitie kwa mtu mwenye undugu na ngariba au wazee wa mila.

Siku ya kufunga, kundi hilo dogo libaki. Bweni la wasichana 100 wakibaki 15 halina msongamano tena. Wakikaa na matroni mmoja na mpishi mmoja, bila kutoka wala kupokea wageni, wanaweza kuwa salama hata kwa ugonjwa wa hewa.

Kikwazo ni chakula. Wazazi wakiacha kuchangia, jiko linazimika. Halmashauri zinazotenga fedha za dharura kwa vitakasa mikono na barakoa zinapaswa kutenga pia za unga, maharage na kuni za kundi hilo. Nyumba salama nazo zisaidiwe kupata chumba cha kuwapokea wapya, kwa sababu msichana aliyekimbia usiku hawezi kuambiwa asubiri nje mpaka apimwe.

Wapo watakaosema kumbakiza mtoto shuleni wakati wa mlipuko ni kumhatarisha. Hatari ipo, na kama ugonjwa umeshaingia bweni lile, kundi lihamishiwe mahali pengine baada ya ufuatiliaji. Lakini ugonjwa mwingi hupona. Kilichokatwa hakirudi, na mara nyingi baada ya kukeketwa hufuata posa, ng'ombe na mwisho wa shule. Aliyepata mimba wakati wa kufungwa kwa shule mwaka 2020 hakuwa na ruhusa ya kurudi kwenye darasa la mfumo rasmi hadi Novemba 2021, serikali ilipoondoa zuio hilo.

Kwa mzazi, jirani au mwanafunzi mwenye wasiwasi, namba mbili zinapigwa bure: 116 kwa usalama wa mtoto, na 199 kwa dalili za ugonjwa wa mlipuko. Kwa wakuu wa shule za Tarime na Serengeti, muda wa kuandaa orodha ni sasa, shule zikiwa wazi.