Tamko kuhusu mauaji ya watuhumiwa mikononi mwa wananchi



Sisi wasaidizi wa kisheria tunaohudumu katika kata za Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kuhusu jambo ambalo karibu kila mkazi wa mjini amewahi kulisikia likianza. Sauti inapaa, "Mwizi! Mwizi!", watu wanatoka mbio vibandani na vijiweni, bodaboda zinageuza njia, na baada ya dakika chache kuna maiti kando ya barabara na harufu ya tairi. Hatusemi haya kwa kuwaonea huruma wezi. Wengi wetu tumeibiwa, na tunajua uchungu wa mama lishe anayeporwa mauzo ya siku nzima mlangoni kwake.

Tunalaani mauaji hayo, na hatuweki "lakini" mbele ya neno hilo.

Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuishi. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Kanuni ya Adhabu haina kifo kwa mwizi wa aina yoyote. Hata unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao ni kosa zito mno, adhabu yake ni kifungo cha miaka isiyopungua 30. Serikali yenyewe, ambayo mahakama zake bado zinatoa hukumu ya kunyongwa kwa kosa la mauaji, haijamnyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Mtaani hukumu hiyo hutolewa kwa simu ya mkononi au jogoo, na rufaa haipo.

Tunajua wako wanaodhani sheria imewafunga raia mikono. Si kweli. Raia anayeshuhudia uhalifu mkubwa ukitendeka mbele yake anaruhusiwa kumkamata mhusika, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mtu akishadhibitiwa, kila jiwe linalorushwa baada ya hapo ni kosa jipya, na walioshirikiana kwa nia moja wanalibeba wote. "Mimi nilimpiga teke moja tu" ni maneno tunayoyasikia kwa vijana wanaoletwa kwetu na mama zao, wakati wenzao wako mahabusu kwa kosa la mauaji lisilo na dhamana. Teke moja halimtoi mtu kwenye hati ya mashtaka.

Tena umati hauna namna ya kujua kama umempata mtu sahihi. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukaenea kwamba ni wanyonya damu. Watafiti wawili na dereva wao waliuawa, gari lao likachomwa moto. Walikuwa watumishi wa umma, wakiwa kazini, mchana kweupe. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Tabora na Geita, bibi zetu wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na katika visa vingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu, ambayo mtu yeyote aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini anayo. Anayeamini kwamba umati wa mjini una akili kuliko wa kijijini ajiulize ni mara ngapi ameona mtu akihojiwa kwanza kabla ya kupigwa.

Tuseme basi aliyekamatwa ni mwizi kweli. Kwa kumuua tumepata nini? Mwizi wa simu ana anayempokea: kuna anayeifungua, anayeibadilisha namba ya utambulisho, na anayeiuza kama "used" siku ya tatu. Kibaka akiwa hai kituoni anaweza kumtaja huyo mpokeaji, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai pia. Akifa, mnyororo wote unabaki salama, na nafasi yake inazibwa na kijana mwingine. Mwaka 2022, vijana wa genge la Panya Road walipovamia nyumba usiku na mapanga hapa Dar es Salaam, wapo waliopiga makofi waliposikia baadhi ya watuhumiwa wameuawa. Sisi tulitaka kusikia walikuwa wakiuza wapi televisheni walizopora.

Sasa tuseme kinachowaudhi wananchi, kwa sababu hasira hii haikutoka hewani. Malalamiko tunayoyapokea zaidi ni haya: "Tulimpeleka polisi, keshokutwa yuko kijiweni anatucheka." Mara nyingi aliyerudi amepewa dhamana, na dhamana ni haki ya mtuhumiwa, isipokuwa kwa makosa machache kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kesi yake inaendelea, na asipofika mahakamani wadhamini wake wanawajibika. Ila nani amemweleza hayo mlalamikaji? Anabaki na RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, mkononi, hajui mpelelezi wake ni nani wala kesi itatajwa lini, na huenda ameshaombwa "hela ya mafuta" ili askari waje eneo la tukio. Mtu wa namna hiyo akimwona mtuhumiwa mtaani anahitimisha kwamba rushwa imetembea, na safari ijayo hatapoteza muda kwenda kituoni.

Hapo ndipo tunaona penye ufa, na ndipo tunapotaka pashughulikiwe. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyozinduliwa Januari 2023 kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi Julai mwaka huohuo, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kulisuka upya Jeshi la Polisi. Tunaiomba Serikali iwaeleze wananchi, kwa Kiswahili cha kawaida na kwa tarehe, pendekezo lipi limetekelezwa na lipi bado. Kwa upande wetu tuna ombi dogo lisilosubiri bajeti: kila mtuhumiwa wa wizi anapopewa dhamana, mlalamikaji aarifiwe siku hiyohiyo, aambiwe masharti ya dhamana hiyo na tarehe ya kesi. Polisi kata wapo na wanajulikana. Simu moja inatosha.

Ombi letu la pili ni zito zaidi. Tumechoka kusoma taarifa zinazoishia kwa "aliuawa na wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hao wananchi hawana majina wala mtaa. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inaweka utaratibu wa kuchunguza vifo visivyo vya kawaida. Tunataka utaratibu huo utumike kwa kila mtuhumiwa anayeuawa na umati, na vilevile kwa anayefia mikononi mwa askari, na matokeo yasomwe hadharani katika eneo alikofia. Familia ya marehemu ina haki ya kujua. Hata aliyeibiwa ana haki ya kujua kama aliyekufa ndiye aliyemwibia.

Kuhusu simu, ambazo ndizo chanzo cha vurugu nyingi za mitaani, mamlaka ya mawasiliano ilionyesha Juni 2016 kwamba inaweza kuzima simu bandia nchi nzima. Tunaitaka itumie uwezo huohuo kwa simu za wizi, na utaratibu wa mwenye RB kufungiwa simu yake uwe mwepesi hadi kwa bibi asiyejua kusoma. Simu isiyowaka haina mnunuzi.

Wenyeviti wa mitaa na vikundi vya ulinzi shirikishi tunawaambia kwa heshima: sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 walisifiwa kwa kurudisha ng'ombe wa watu, na walilaumiwa kwa viboko na mauaji. Mmerithi yote mawili. Filimbi na rungu mlivyo navyo ni vya kumfikisha mtu kituoni akiwa hai. Mwenyekiti anayesimama katikati ya umati na kusema "huyu ni wangu, anakwenda kituoni" anafanya kazi ngumu kuliko zote katika mtaa, na tunataka halmashauri zimtambue kwa hilo kama zinavyomtambua kwa kukusanya michango.

Kuanzia sasa ofisi zetu zitapokea mtu yeyote aliyeshuhudia mauaji ya aina hii na anayeogopa kwenda kutoa maelezo peke yake. Tutamsindikiza kituoni, tutakaa naye anapoandikisha, na tutafuatilia jalada kwa niaba yake. Vivyo hivyo kwa aliyeibiwa ambaye kesi yake imelala. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huduma hii hailipiwi. Atakayeombwa pesa kwa jina letu aje aturipoti sisi wenyewe.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji ya Chama,
Dar es Salaam