Sindano imekushinda? Kapime macho kwanza!

Leo nazungumzia jambo linalonikera huku kwetu Juani, Mafia. Mwanamke amesuka mikeka tangu utoto wake. Anafika miaka arobaini na ushei, anaanza kukosea ukili, na kutunga uzi kwenye sindano kunamshinda. Ukimuuliza, anakwambia, "Uzee huo, mwanangu." Anaweka sindano chini, na pesa yake ya sabuni na daftari za watoto inaishia hapo. Mvuvi naye hivyo hivyo, nyavu ikitoboka anamwita kijana amshonee.

Mimi si daktari, shule yangu iliishia kidato cha nne. Ila maswali ninayoulizwa kila siku majibu yake yapo, kwa hiyo leo nayamwaga hapa.

Je, ni uzee kweli?
Ni umri, lakini siyo mwisho wa kazi. Ndani ya jicho kuna lenzi inayojibadilisha umbo ili uone vya karibu. Ukifika kwenye miaka 40 hivi inaanza kukakamaa. Ndiyo maana unausogeza msahafu mbali mpaka mkono unaisha! Hilo halina dawa ya kunywa wala kafara, linataka miwani ya kusomea tu. Kule Bangladesh walifanya utafiti uliotangazwa mwaka 2024, kwa watu 824 wa kazi za mikono. Nusu yao walipewa miwani hiyo. Baada ya miezi minane, kipato chao kilikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 33 hivi. Miwani tu, bwana!

Sikusoma, hizo herufi nitazitajaje?
Usiogope, shangazi. Ule ubao wa herufi aliubuni daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, lakini upo pia wa alama ya E peke yake, iliyogeuzwa huku na huku. Wewe unaonyesha kwa kidole miguu yake inaelekea wapi. Ukiandikiwa 6/6 uko safi. Ukiandikiwa 6/60, maana yake anachokiona mwenzio akiwa mita 60, wewe mpaka usogee mita 6.

Miwani za machinga je?
Kwa kusomea na kushonea zinaweza kukusaidia. Tatizo ni kwamba vioo vyake viwili vina nguvu sawa, na macho yako huenda hayalingani. Kubwa zaidi, machinga hakupimi presha ya macho. Ugonjwa huo unakula uwezo wa kuona polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kama kwenu kuna aliyewahi kuugua, usingoje. Mtoto wa jicho afadhali, huyo anatolewa kwa upasuaji na mtu anaona tena.

Nikizoea miwani macho si yataharibika?
Wapi! Miwani haiharibu macho. Unaona ukungu ukiivua kwa sababu sasa umeshajua kuona vizuri kukoje. Na mtoto anayekodoa macho ubaoni msimwite mzito wa kichwa. Apimwe kwanza, ndipo mzungumzie viboko.

Na zile lenzi za rangi za bibi harusi?
Dada zangu, hapo nawaombeni sana. Lenzi ya kuvaa machoni inapimwa kama kiatu, hata ile ya urembo. Usiazime ya shoga yako, usilale nayo, usiogelee nayo, na usiioshe kwa mate wala maji ya kisima. Ina dawa yake maalumu. Kwenye maji kuna vijidudu vinavyoweza kutoboa kioo cha jicho ukabaki na kovu. Harusi siku moja, upofu maisha!

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likipoteza nuru ghafla, msilitie maziwa ya mzazi wala maji ya majani. Siku hiyo hiyo mtafute mganga wa hospitali.

Basi tuanzie wapi? Hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Ulizia kwanza siku ya huduma ya macho, usije ukafunga safari bure. Najua mashua mpaka Utende, halafu gari mpaka Kilindoni, na siku nzima ya kazi imekatika. Inauma. Ila piga hesabu ya mikeka ambayo hutaisuka kwa miaka ishirini ijayo, kisha linganisha na nauli ya siku moja. Akina baba mnaoshika hela za nyumba, na nyie hesabu hiyo inawahusu!

Tukijaliwa, tuonane wiki ijayo. Kwaherini.