Spika mpya za gari zisikugharimu masikio

Majuzi dereva mmoja wa teksi hapa Nairobi aliingia kliniki yangu akiwa ametumwa na mkewe. Yeye mwenyewe hakuona kama ana ugonjwa wowote. Alichokuwa nacho ni malalamiko. Alidai kwamba abiria wa siku hizi ni walaghai, kwani mnakubaliana nauli ya shilingi mia tisa, mkifika mwisho wa safari anakutolea mia sita na kuapa kwamba ndizo alizotaja.

Nilimwomba akae, nikasimama nyuma yake asione midomo yangu, nikaziba sikio lake moja na kunong'ona tarakimu, nikimtaka azirudie. Nilisema tisa, akasema sita. Nilisema saba, akanyamaza. Halafu akageuka akaniuliza, "Daktari, mbona hutaji kitu?"

Kijana huyu ana umri wa miaka 31. Hajawahi kufanya kazi kiwandani, hajawahi kuugua masikio, na hajawahi kudungwa zile sindano za kifua kikuu ambazo baadhi yake hudhuru usikivu. Alipopimwa na wataalamu wa masikio, pua na koo, ilibainika kwamba amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia sauti nyembamba, katika masikio yote mawili. Kadhalika, alikiri kwamba usiku anapolala husikia mlio kama wa nyenje usiokoma.

Nilimwomba anionyeshe gari lake. Lilikuwa limeegeshwa nje, Toyota Vitz ndogo safi kabisa. Alipofungua buti, nilikuta sanduku la wufa lililojaza nafasi yote, na kando yake amplifaya yenye ukubwa wa kitabu cha Biblia. Ndani ya kigari hicho yeye hukaa saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa juma.

Kwa nini tunabadilisha redio

Kabla msomaji hajadhani kwamba nimekuja kupiga muziki vita, nikiri kwamba mimi mwenyewe nina kigari kama hicho, nami niliibadilisha redio yake. Sababu tunazijua. Magari mengi madogo humu nchini, yawe Vitz, Nissan March, Mazda Demio au Honda Fit, yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Redio za huko zilitengenezewa masafa ya FM yanayoanzia 76 na kukomea 90, au 95 kwa zile za karibuni. Hapa kwetu vituo vinaenea hadi 108. Kwa hivyo mtu ananunua gari, analipia ushuru, halafu anagundua kwamba vituo vingi avipendavyo havishikiki. Wapo wanaofungiwa kile kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, ambacho aghalabu huleta mikwaruzo. Wengine wanaona heri wabadilishe redio nzima.

Hilo si kosa. Hata spika za kiwandani katika magari haya ni za karatasi nyepesi, na baada ya miaka minane au kumi ya jua na vumbi huwa zimechakaa. Mwenye gari ana haki ya kusikiliza muziki mzuri. Tatizo ni kwamba mtu akishafika kwa fundi kubadilisha redio, hushawishiwa aongeze spika nne, halafu amplifaya, halafu wufa. Hapo ndipo swali la muziki mzuri linapogeuka kuwa swali la nani ana kishindo kikubwa zaidi.

Redio mbovu ilikuwa ikikulinda

Kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi, na huenda hawalijui. Redio ya kiwandani huwa na nguvu ya wati kama 15 au 20 hivi kwa kila spika. Ukiiongeza sauti kupita kiasi, inakoroma na kutatarika. Masikio yanachukia, mkono unaenda wenyewe kupunguza. Mkoromo huo ulikuwa kengele ya hatari.

Ukifunga vyombo vizuri, kengele hiyo imeondolewa. Sauti inapanda ikiwa safi na tamu, na kwa kuwa haikeri, ubongo hauoni kwamba ni kubwa. Dereva wangu aliniapia kwamba hapendi kelele. Nilimwamini. Hakuwa akisikia kelele, alikuwa akisikia muziki safi. Lakini sikio halijali kama sauti ni tamu au chungu, linajali ni nyingi kiasi gani na kwa muda gani.

Ndani ya sikio kuna kiungo kidogo chenye umbo la ganda la konokono. Kimejaa majimaji na chembechembe zipatazo 16,000 zenye vinyweleo, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuutuma kwenye ubongo. Sauti kubwa inazikunja kama upepo unavyokunja majani. Ukipumzika, nyingi huinuka tena. Zikikunjwa kila siku, zinakufa, na katika binadamu hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, ambazo ndizo hubeba herufi kama s, t na f. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Nasikia watu wakiongea, lakini sielewi wanachosema." Ndiyo maana tisa ikageuka sita. Sauti ya mwanamke na ya mtoto ndizo zinazompotea kwanza, na si ajabu kwamba aliyegundua ni mkewe.

Hesabu ya desibeli

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asipokee zaidi ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwa desibeli 90 unabakiwa na saa 4 tu kwa juma nzima. Kwa 95 ni saa moja na robo. Kwa 100 ni dakika 20.

Sasa chukua dereva anayekaa garini saa 72 kwa juma. Akiiweka redio yake kwenye 90, amemaliza haki ya masikio yake ya juma zima Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Matatu zetu zenye muziki wa kutikisa vioo hazihitaji hata kuhesabiwa. Abiria anashuka baada ya nusu saa akilalamika. Dereva na makanga wanabaki mpaka usiku.

Hapa ndipo nina ugomvi na sisi sote. Kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asikabiliwe na kelele ya wastani wa desibeli 90 kupita saa nane kwa siku. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 nazo zinakataza kelele za kupita kiasi. Mtu akifikiria kanuni hizi, anafikiria kiwanda, mashine ya kusaga mawe, au baa iliyo karibu na nyumba yake. Hakuna anayemfikiria kijana wa miaka 22 anayening'inia mlangoni mwa matatu, kichwa chake hatua moja kutoka kwenye spika. Hicho ndicho kiwanda chake. Naona mashirika ya matatu na makampuni ya teksi yanapaswa kuwapima wafanyakazi wao masikio kila mwaka, kama wanavyohakikisha kwamba breki za magari zinafanya kazi. Kipimo chenyewe hakiumi na hakichukui hata saa moja.

Jinsi ya kutumia pesa zako

Kwa wewe mwenye kigari chako, ushauri wangu ni kwamba ubadilishe, lakini uanze upande ulio sahihi. Kumbuka kwamba kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio halioni sana. Fundi anayekuuzia wati nyingi anakuuzia tarakimu zilizoandikwa kwenye sanduku.

Anza na milango ya mbele. Magari haya ni mabati membamba, na ukiwa barabara ya Thika au Mombasa kwa kilomita 90 kwa saa, mngurumo wa magurudumu na upepo unaingia kama nyumba isiyo na dari. Kila mtu huongeza redio ili ishinde mngurumo huo. Mwambie fundi abandike zile shiti nzito za lami ndani ya mlango na kuziba matundu yaliyo wazi. Kelele ya nje ikipungua, hata redio ya sauti ya chini inasikika vizuri, na spika zenyewe zinatoa besi iliyokuwa ikivujia kwenye matundu hayo. Kisha weka spika mbili nzuri mbele. Kisha redio yenye masafa yetu. Watu wengi wakifika hapo hawahitaji kitu kingine.

Ukitaka besi zaidi, fahamu kwamba chumba kidogo cha gari huikuza besi chenyewe. Wufa ndogo inatosha kabisa. Sanduku lake lifungwe kwa mikanda kwenye sakafu ya buti. Katika magari ya aina hii hakuna ukuta kati ya buti na kiti cha nyuma, na siku ya ajali sanduku la kilo 15 huruka mbele kama jiwe, kuelekea vichwa vya watoto wako.

Usipuuze waya pia. Mimi nilipuuza. Fundi mmoja wa mtaani alikata soketi ya kiwandani, akasokota waya kwa mkono na kuzifunga kwa utepe, na mimi nikamlipa na kumshukuru. Miezi miwili baadaye nilipigiwa simu saa nane usiku kuhusu mgonjwa. Nilipowasha gari halikuwaka, kwani redio ilikuwa ikinyonya betri polepole hata ikiwa imezimwa. Tulipofungua dashibodi tulikuta waya mmoja umeungua na kuwa mweusi. Mgonjwa alifikiwa na daktari mwingine kwa bahati. Tangu siku hiyo nasema: dai soketi ya kati inayoingiana na ya gari lako bila kukata kitu, na kama kuna amplifaya, waya wake uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, si kule nyuma kwenye buti. Soketi za rangi ya manjano ni za mifuko ya hewa. Fundi asiziguse.

Halafu, kabla hujaondoka, keti kwenye kiti cha dereva na umwambie fundi aweke kikomo. Redio nyingi za kisasa zina mahali pa kuweka kiwango cha juu kabisa cha sauti, na amplifaya ina kirekebishi chake. Zipo programu za simu zinazopima desibeli. Si sahihi kabisa, lakini zinatosha kukuonyesha kama uko kwenye 75 au 95.

Dalili za kuangalia

Nawapa wagonjwa wangu kipimo ambacho hakina gharama. Usiku ukifika nyumbani, zima gari bila kugusa kitufe cha sauti. Asubuhi ukiliwasha, sikiliza. Ikiwa redio inakurukia kwa kishindo na unashangaa ni nani aliyeiongeza, ni wewe uliyeiongeza jana, masikio yako yakiwa yamechoka. Hiyo ni onyo la mapema. Mengine ni mlio masikioni baada ya safari, masikio kuwa kama yamezibwa, au abiria kulazimika kukupigia kelele ilhali ameketi kando yako.

Ukiona dalili hizo, usitie mafuta ya moto wala kuchokoa kwa kijiti cha pamba. Hakuna dawa ya matone inayofufua chembechembe zilizokufa. Nenda ukapimwe. Na ukiamka siku moja sikio moja limeziba ghafla bila sababu, usingoje mwisho wa juma; fika hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana hiyo ni hali tofauti ambayo matibabu ya mapema yanaweza kusaidia.

Watoto walindwe zaidi. Kwao kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75, na mtoto wa kiti cha nyuma ndiye aliye karibu na wufa kuliko wewe unayeshika usukani. Hawezi kukwambia kwamba masikio yanamuuma kama amezoea hivyo tangu kuzaliwa.

Dereva wangu aliliuza lile sanduku. Alibaki na redio na spika mbili za mbele, na anasema abiria hawajapungua. Lakini mlio wa usiku haujaisha na huenda usiishe, na sasa nauli anaomba iandikwe kwenye simu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi naomba tu kwamba dawa hii uisikie mapema, ukiwa bado unaweza kusikia.