Msitubandulie Mraba Wetu

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe dukuduku langu. Wanachama waliokuwapo watakumbuka kwamba katika mkutano wa mwisho wa muhula wa pili palitolewa pendekezo ati ule mraba wa maneno unaobandikwa kila siku ya masomo kwenye ubao karibu na bwalo uondolewe, na mahali pake pabandikwe maswali ya mitihani ya zamani. Sababu iliyotolewa ni kwamba mraba ni mchezo wa watoto, na tena unawachelewesha watu kwenda prepu. Kura haikupigwa kwa sababu kengele ililia. Mimi nilikuwa nimeinua mkono na sikupata nafasi. Basi leo nasema kwa kalamu.

Nianze mbali kidogo. Mjomba wangu ni fundi wa baiskeli huko Kitale. Aliishia darasa la saba. Lakini ukimkuta saa saba mchana, wakati wateja wamepungua, utamwona ameinamia gazeti la Kiingereza, kalamu mkononi, anapambana na mraba wa siku hiyo. Usimsemeshe! Sasa, taabu yake ilikuwa moja: majibu ya leo hutoka kesho, na pesa za gazeti la kila siku hakuwa nazo. Akinunua la Jumanne, majibu yako katika la Jumatano, na Jumatano hana gazeti. Kwa hivyo walipatana na kinyozi wa jirani. Yeye anunue siku hii, kinyozi anunue siku ile. Nilipokuwa likizoni kwake, kazi yangu ilikuwa kukimbia kwa kinyozi na daftari kunakili majibu. Nikirudi, mjomba ananinyang'anya daftari, anasoma, halafu anajipiga paja: "Aah! Nilijua! Nilijua hii ilianza na R!" Lile neno lililomshinda ndilo asilolisahau tena. Mwaka mzima utamsikia akilitumia kwa wateja, hata mahali lisipofaa.

Hapo ndipo nilipouona utamu wenyewe. Mwalimu akikupa neno na maana yake ubaoni, unanakili na kesho limekwenda. Lakini kidokezo kikikusumbua kutoka asubuhi hadi chakula cha jioni, jibu likija linakaa.

Kwa wale wa vidato vya chini ambao hupita tu pale ubaoni wakikimbilia githeri, nieleze haraka. Sisi wa Kidato cha Tatu tunachora visanduku 9 kwa 9 kwenye karatasi ya hesabu, wawili wawili kwa zamu. Maneno mengine yanakwenda kulia, mengine yanashuka chini, na yanapokutana yanagawana herufi moja. Jibu la kwanza linakusaidia kupata la pili. Basi.

Sasa tuone kama ni mchezo wa watoto. Chukua kidokezo hiki kilichotoka mwezi wa sita: "Kina meno lakini hakiumi. Herufi 6." Watu kumi walikuja wakiwa wamejaza CHANUO. Herufi ni sita kweli, na chanuo lina meno kweli. Lakini soma tena, ndugu yangu. Kidokezo kimesema "kina", hakikusema "lina". Chanuo ni la machanuo, LI-YA. Jibu lilikuwa KITANA. Wale kumi walidanganywa na hiyo "ch" ya mwanzo, wakadhani chanuo ni kama chakula na vyakula. Na kama kidokezo kingesema "una meno", tungetafuta MSUMENO. Meno ni yale yale, lakini herufi mbili za mwanzo wa kitenzi zinabadilisha kila kitu. Ngeli nimefundishwa tangu shule ya msingi, na nasema kweli, sikuwahi kuona kazi yake mpaka siku hiyo niliyokuwa miongoni mwa wale kumi.

Jambo la pili ni hili la sisi watu wa mlimani. Kiswahili cha vitabu kimejaa bahari. Jahazi, nanga, pweza, tanga, kaskazi. Hapa Cheptais bahari tunaisikia redioni. Nyumbani tunasema Kisabaoti, wengine Kibukusu, wengine Kiteso, na sokoni tunachanganya vyote na Kiswahili cha bei ya vitunguu. Ukimpa mtoto wa hapa orodha ya vyombo vya baharini aikariri, atakariri kama kasuku. Lakini siku moja msichana mmoja wa darasa letu alitunga hivi: "Jahazi huwa nayo, na wafiwa huwa nayo. Herufi 7." Jahazi hakuna aliyeliona. Wafiwa tunawajua wote, sana, kwa maana mwaka huo tulikuwa tumechangia wenzetu wawili. Neno likatoka upande wa pili: MATANGA. Ndipo watu wakauliza, sasa jahazi linaingiaje kwenye matanga? Kamusi ikafunguliwa pale pale, chini ya dirisha la bwalo, na tukajifunza kwamba tanga ni kile kitambaa kikubwa kinachokamata upepo. Tuliingia baharini kwa mlango wa msibani. Nani hapa atalisahau neno hilo?

Vivyo hivyo na kaskazi, ule upepo unaovuma kutoka upande wa kaskazini mashariki kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Kumbe kaskazini ya ramani ya Jiografia imetoka kwake, na kusini ikatoka kwa upepo wa kusi. Miaka yote nimeandika "kaskazini" bila kujua kuna upepo ndani yake.

Na mlima nao tumeuingiza kwenye mraba. "Huingia Pango la Kitum usiku kutafuta chumvi. Herufi 5." Ubao mzima ukapiga kelele TEMBO! Wakajaza kwa wino, si penseli. Halafu neno la kushuka likakataa, kwa sababu herufi ya mwisho ilitakiwa kuwa U. Kukawa na kunung'unika, mpaka kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, mfupi, ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, akasema polepole, "Si pia anaitwa ndovu?" Herufi tano, ya mwisho U. Huyo kijana siku hizi hakosi pale ubaoni. Mwambieni ninyi kwamba ubao wake unaondolewa.

Kuna ugomvi mmoja sijausahau na sitauficha. Neno NG'OMBE lilitugombanisha wiki nzima. Kundi moja lilisema NG' ni sauti moja, kwa hivyo ipewe kisanduku kimoja. Kundi la pili likasema herufi ni herufi, kila moja na kisanduku chake. Mwalimu mlezi wa chama aliamua kwamba kila herufi ipate kisanduku chake na ile alama ya juu isipate. Mimi bado sikubali, kwa heshima zote. Lakini katika ubishi ule kila mtu alijua kwamba NG' ni nazali ya kaakaa laini, na swali la namna hiyo si geni katika karatasi ya pili ya mtihani wa taifa. Mnataka maswali ya mitihani? Mbona tulikuwa tukiyajibu tukipiga foleni ya chakula!

Wanaosema tunapoteza wakati si wa kwanza kusema hivyo. Mraba wa kwanza wa aina hii ulichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, kazi ya Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na ulikuwa na umbo la almasi. Kufikia 1924 Marekani nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wake, na gazeti la New York Times likawakemea watu kwamba wanapoteza muda. Mwaka 1942 gazeti hilo hilo likaanza kuchapisha mraba wake lenyewe, na mpaka leo halijaacha. Huko Uingereza mwaka 1944 mwalimu mkuu mmoja, Leonard Dawe, aliyekuwa akitunga miraba ya Daily Telegraph, alihojiwa na majasusi wa serikali yake kwa sababu majina ya siri ya uvamizi wa Normandy yalitokea katika miraba yake majuma machache kabla ya siku yenyewe. Miaka 40 baadaye mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alisema ni yeye aliyeyaingiza, akiwa ameyasikia kwa wanajeshi waliopiga kambi karibu na shule. Sisi ubao wetu haujafika huko.

Wala tusiseme ni mambo ya Wazungu. Mombasa ya karne ya 19 Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi yaliyojaa mafumbo. Na nyanya yangu, ambaye hajui kusoma, hututegea vitendawili vya Kisabaoti wakati wa kumenya viazi, na ukishindwa anakucheka mpaka machozi. Yeye na mjomba ni watu wa kazi moja.

Lakini mgala muue na haki umpe. Mraba una hatari yake, na mimi nimeionja. Muhula wa kwanza niliandika insha juu ya uchafuzi wa mito nikaijaza kila neno nililookota ubaoni: shibli, kitana, kaskazi, hata jana ya mtoto wa nyuki. Nilipata alama 8 kati ya 20. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Nyuki wanafanya nini mtoni?" Alikuwa na haki. Mraba unakupa neno lakini haukupi mahali pa kuliweka. Kwa hivyo wanaopinga wangesema tuandike chini ya kila jibu sentensi moja yenye maana, mimi ningewaunga mkono leo hii. Hilo nalileta kama pendekezo rasmi. Na habari ya prepu, tuubandike saa nne wakati wa chai badala ya jioni, kwisha maneno.

Maswali ya mitihani ya zamani yamo maktabani, rafu ya pili, na vumbi lake. Hakuna aliyezuiwa kuyasoma.

Mkutano wa kwanza wa muhula ujao utaamua. Zamu yangu ya kutunga inaangukia siku hiyo hiyo, na kidokezo cha nambari 1 kulia nimeshakiandika: "Hupigwa hali haina kosa. Herufi 4, ya mwisho ni A." Njooni na kalamu.